Asante ya Wimbo wa Pili

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi nimeanza kuandika, maana haya nikimsimulia mtu nitapiga kelele na majirani watadhani nimefiwa.

Jana ukumbini Daktari wa Meno aliniacha katikati ya sakafu. Kwa asiyecheza tango hilo si jambo. Kwetu nyimbo hupigwa kwa mkupuo, nne nne. Ukianza na mtu unamaliza naye. Wimbo wa nne ukiisha ndipo mnaambiana asante na anakurudisha kwenye kiti chako. Ukisema asante kabla ya hapo, umetangaza mbele ya umma kwamba huyu uliyemshika umemchoka. Katika miaka yangu yote pale nimeona likifanyika mara moja tu, na yule dada aliyefanyiwa hatujamwona tena.

Daktari wa Meno, mwenzangu wa dansi tangu siku ya kwanza, alisema asante wimbo wa pili ulipokwisha. Aliisema kama anavyowaambia wagonjwa wake: suuza mdomo, mwingine aingie. Wimbo wa tatu ulipoanza alikuwa amemshika Kitinda.

Kitinda ni mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja, yeye wa mwisho kuzaliwa. Mimi ndiye niliyempeleka pale. Mimi nilimnunulia viatu. Mimi nilimfundisha kusimama kwa mguu mmoja bila kushika ukuta. Shukrani ya punda ni mateke, ila wa kwangu anapiga mateke kwa viatu nilivyolipia mwenyewe.

Nilibaki pale na gauni langu la kijani, watu wakinizunguka kama wanavyozunguka dimbwi. Nilitamani sakafu ipasuke niangukie duka la magodoro lililo chini, angalau ningelala.

Sasa naapa. Mvua zikiisha kuna dansi la kufunga msimu. Kabla ya siku hiyo huyo bwana atakuwa ananitaka tena, ananitafuta kwa macho kama mtu aliyepoteza funguo. Nitakubali. Nitamchezea nyimbo mbili tamu mpaka afumbe macho. Halafu nitasema asante, kwa sauti, na nitaondoka.

Jumanne, 4 Machi

Kitinda kaja saluni kwangu, kakaa kwenye kiti changu kama kawaida, kataka nimsuke.

"Dada, mbona umenuna?"

"Nani kanuna? Inamisha kichwa."

Nilisubiri neno moja tu. Samahani. Neno dogo, halina hata mfupa. Akazungumzia mvua, akazungumzia bosi wake, akasema Daktari wa Meno anamwona ana kipaji. Nikavuta. Nikasuka karibu na ngozi mpaka nyusi zikapanda. Machozi yalipomtoka nikamwambia ukitaka uzuri sharti udhurike. Wateja wakacheka. Mimi pia.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Umeme hakuna, mashine ya kukaushia nywele haifanyi kazi, wateja hakuna. Hasira ipo.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda ukumbini jana kwa makusudi, wasije wakasema nimejificha. Pale hatuitani kwa mdomo, tunaitana kwa macho. Mwanamume anakutazama kutoka upande wa pili, ukiitikia kwa kichwa anakuja, ukiangalia pembeni amenyimwa na hakuna aliyeaibika. Jana wanaume wote waliona sistahili kutazamwa. Mmoja alikagua taa. Mwingine alisoma maandishi kwenye kizima moto, nadhani sasa anaweza kufundisha matumizi yake. Nimeachwa mimi, na aibu imekaa kwangu kama vile mimi ndiye niliyeacha. Mambo yakiendelea hivi nitakuwa mtu wa kuchungia watu mikoba yao.

Niliwaangalia wale wawili. Nilikuwa sijawahi kumwona Daktari wa Meno akicheza, kwa sababu siku zote nilikuwa ndani ya mikono yake. Anacheza mtindo wa jukwaani: mikono mbali, hatua kubwa, mateke yanapita katikati ya miguu ya mwenzake, kichwa juu akitafuta anayemtazama. Kitinda anarushwa huku na kule. Wanapendeza, siwezi kusema uongo kwenye karatasi yangu mwenyewe. Nikarudi nyumbani bila kucheza hata wimbo mmoja.

Alhamisi, 13 Machi

Mama wa Vitambaa, mteja wangu mwenye duka la vitambaa, anasema kuna hakimu mstaafu, mwanamke, anafundisha tango sebuleni kwake. Si ile ya mateke. "Ile ya watu wawili," akasema, "ukiangalia kutoka nje huoni kitu." Nikamwambia mimi nataka waone. Akasema basi kwanza ukajifunze wasichokiona.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kwa Hakimu. Makochi yamesukumwa ukutani, zulia limekunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango, vigae vinang'aa. Tulikuwa watu sita, wanawake watano, Mama wa Vitambaa akiwemo, na wakala mmoja wa bima, mfupi, mnene, mwenye viatu safi kuliko vya wote. Wanamwita Bwana Bima.

Nikamwonyesha Hakimu ninachojua. Nikazunguka, nikapiga teke, nikamalizia na mguu umenyooka nyuma.

Akaniangalia kupitia juu ya miwani. "Umemaliza kujitetea?"

"Ndiyo."

"Sasa tembea."

Nilitembea, kutoka kabati la vyombo mpaka dirishani, jioni nzima. Mimi, mtu mzima, mwenye saluni yangu. Kumbe sijui kutembea. Anasema mguu unaokwenda nyuma utoke kwenye paja, si kwenye goti. Magoti yapishane kwa karibu, yasalimiane. Na uzito uhame wote. Usiache nusu huku na nusu kule kama mtu anayetaka kuondoka kwenye kikao bila kuonekana. Ukiwa umesimama juu ya mguu mmoja kweli kweli, hakuna wa kukuangusha.

Halafu akanishika mwenyewe. Kifua kwa kifua, mkono wake mgongoni mwangu mwepesi kama kanga iliyoanikwa. Hakunivuta. Alivuta pumzi tu, kifua chake kikasogea kidogo, na mguu wangu ukaenda nyuma bila kuniuliza.

"Unafika kabla hujaitwa," akasema. "Ngoja uitwe."

Nimerudi nimelowa mpaka chupi. Magoti yanawaka moto. Nitarudi Alhamisi.

Jumamosi, 22 Machi

Sikwenda ukumbini. Waache wadhani nimekwisha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimelijua gonjwa la Daktari wa Meno, na nimecheka njia nzima mpaka mwenye kioski kaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Tulifundishwa hatua iitwayo nane. Unaiandika nane kwa mguu sakafuni, nusu huku, nusu kule. Kifua chako kinabaki kwa mwenzako, kinachogeuka ni kiuno. Unageuka ukiwa juu ya mguu mmoja, magoti yamekutana, na huweki mguu wa pili chini mpaka umemaliza kugeuka. Anayeongoza anageuza kifua chake tu, nawe unakifuata.

Sasa yule bwana kifua chake ni bubu. Hakisemi kitu. Kwa hiyo anatumia mkono. Anavuta. Ukivutwa unatoka juu ya mguu wako, na ukishatoka unamtegemea yeye akudake, na yeye wakati huo anatazama watazamaji. Mtu wa kung'oa meno, angejuaje kazi nyingine? Mateke yote yale ni kuficha kwamba hawezi kutembea.

Nikamwuliza Hakimu, na mtu akikuvuta kwenye nane, unafanyaje? Akasema legeza kiwiko, mkono uende anakotaka, wewe ubaki juu ya mguu wako. Atavuta mkono mtupu.

Jumatano, 2 Aprili

Kitinda kaja saluni. Amevaa soksi ndefu na joto lote hili. Alipokunja miguu nikaona madoa ya buluu kwenye miundi, moja juu ya jingine.

"Nini hicho?"

"Mateke tu. Tunajifunza kitu kipya cha kufungia msimu." Akanitazama kwenye kioo. "Dada, kwani wewe ulikuwa unafanyaje, akikuvuta kwenye nane?"

Jibu nilikuwa nalo, la moto moto. Nikachukua kitana, nikakipangusa, nikakirudisha.

"Unajiachia tu," nikamwambia. "Mwegemee. Anajua kudaka."

"Eti eh?"

"Ndiyo."

Akashukuru. Akalipa hata pesa ya kusuka, siku ambayo sikumwomba. Samahani bado hajaisema, na mimi sijutii nilichosema.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua kutwa. Sijutii.

Jumanne, 8 Aprili

Hakimu kanilazimisha kuongoza kwa sababu wanaume ni wachache. Nilikataa. Akasema kukataa amri halali ni kosa. Nikampokea Mama wa Vitambaa kifuani na katika dakika ya kwanza nikampigiza kwenye kabati la vyombo. Kikombe kimoja kimekufa.

Kuongoza ni kazi, jamani. Lazima ujue mguu gani wa mwenzako umebeba uzito, na nani yuko nyuma yake, na muziki unakwenda wapi, yote kwa wakati mmoja, na yeye amefumba macho amekuamini. Nilimhurumia Daktari wa Meno. Huruma ilipita kama nzi, nikaifukuza.

Jumapili, 13 Aprili

Mama kapiga simu alfajiri. Kitinda kaanguka jana ukumbini mbele ya watu. Kwenye nane. Kategua kifundo cha mguu.

Kitu cha kwanza kilichonitoka ni kicheko. Nilikizuia kwa kiganja nisisikike kwenye simu.

"Na yule bwana wako wa meno," Mama akasema, "hakumwinua. Kasimama pale anawaambia watu, 'Mzito huyu, hajui kusimama.' Aliyemwinua ni kibwana fulani kinene. Nenda ukamwone mdogo wako."

"Nina wateja, Mama."

"Nyinyi mmelala tumbo moja."

"Kila mmoja kwa zamu yake."

Mama akakata simu. Mama hakati simu hata kwa watu wa matangazo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikwenda. Alikuwa kitandani, mguu juu ya mito. Alisema, "Nilijiachia kama ulivyoniambia. Labda nilijiachia vibaya." Hakuwa akinishutumu, alikuwa akijilaumu. Ndilo lililoniudhi. Nikampikia chai, nikamfunga bendeji upya kwa sababu ilikuwa imelegea, nikaondoka kabla hajaniuliza kitu. Kicheko cha jana kimegeuka kiungulia.

Lakini yeye alinichukulia mwenzangu. Nisisahau hilo. Naliandika ili nisisahau.

Jumapili, 20 Aprili

Bwana Bima aliniita kwa macho jana ukumbini. Wa kwanza tangu Machi. Tulicheza pembeni, hatua fupi fupi, karibu, hakuna teke hata moja. Kifua cha yule mtu kinaongea kama redio. Katika wimbo wa tatu alisimama tu, muziki ukiendelea, tukasimama pamoja tukipumua, kisha tukatembea tena. Mama mmoja kwenye viti alimgusa mwenzake bega.

Daktari wa Meno aliona. Kwa sasa hana mwenzi wa maana, Kitinda anapona. Alinitazama mkupuo mzima. Nikaangalia feni. Ni feni nzuri, ina mapanga matatu. Namweka kiporo.

Jumapili, 27 Aprili

Katazama tena. Feni. Wanaume wengine watatu nimewakubali.

Jumanne, 6 Mei

Hakimu kaniuliza, "Unajifunza kwa bidii ya mtu mwenye kesi. Kesi ya nani?"

Nikamwambia yote, isipokuwa lile la Kitinda na nane. Alisikiliza huku akifuta miwani.

"Adhabu ikimwia tamu sana anayeitoa," akasema, "kwa kawaida ina kasoro."

"Kwa hiyo niache?"

"Mimi nimestaafu," akasema, akaweka muziki.

Alhamisi, 15 Mei

Daktari wa Meno kaja saluni mwenyewe, miguu yake miwili. Kasimama mlangoni akikung'uta mwavuli juu ya sakafu niliyopiga deki muda huo huo.

"Jumamosi, kwenye dansi la kufunga msimu, utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Umekuwa mzuri sana. Watu wanasema. Mkupuo wa mwisho niwekee mimi."

"Na mdogo wangu? Si amepona?"

"Nitacheza naye mkupuo unaotangulia, kwa heshima. Lakini amekuwa mzito. Hafundishiki." Akatabasamu, meno yote kamili. "Wewe nawe ulikuwa hivyo hivyo, ukabadilika."

Kwa hiyo hivi ndivyo alivyokuwa akinisema. Kwa tabasamu hili hili, mlangoni kwa mtu mwingine, labda kwa Kitinda mwenyewe. Siku zote hizi hasira yangu nimeigawa nusu kwa nusu kati yake na Kitinda, na leo nimeona nimekosea mizani. Nikamjibu kwa sauti laini ya asali, "Nimekuwekea."

Nimelitoa gauni la kijani. Nimelipiga pasi.

Jumapili, 18 Mei

Mvua haikunyesha jana. Madirisha ya ukumbi yalifunguliwa yote, watu wamejaa mpaka ngazini. Hakimu alikuja, akakaa mbele na mkoba mapajani. Nilicheza na Bwana Bima, nikacheza na yule mkaguzi wa taa, ambaye sasa taa amezisahau. Kila nilipokaa nilikuwa nafanya mazoezi ya neno moja. Asante. Nisiliseme haraka. Nisiliseme kwa hasira. Niliseme kama mtu anayerudisha sahani kwa jirani.

Mkupuo wa kabla ya mwisho, Daktari wa Meno akamchukua Kitinda. Alikuwa amevaa viatu vile vile nilivyomnunulia, na kifundo kimoja kimefungwa bendeji. Wimbo wa kwanza, mateke. Wimbo wa pili akamvuta kwenye nane, nikaona uso wa mdogo wangu unakunjamana kwa maumivu, na yule bwana anatazama viti. Akamvuta tena. Wimbo ukaisha.

Kitinda akaondoa mkono wake begani mwa yule bwana. Akarudi nyuma hatua moja, na ilikuwa hatua nzuri, uzito wote umehama.

"Asante," akasema.

Ukumbi mzima ulisikia. Mpiga muziki alisahau kubonyeza wimbo wa tatu. Daktari wa Meno alicheka kidogo, akanyoosha mkono kumshika tena kama mtu aliyefanyiwa mzaha, Kitinda akausogeza ule mkono pembeni. Akaanza kuuvuka ukumbi peke yake, anachechemea.

Ningepaswa kufurahi. Niseme ukweli: nilihisi nimeibiwa. Msimu mzima wa mvua natembea kwenye vigae vya Hakimu, magoti yananiuma, nimevunja kikombe cha watu, nimevumilia feni, kwa ajili ya neno lile moja, na amelisema yeye. Mwenzi wangu alichukua. Sasa na kisasi changu pia amechukua. Tangu utotoni, kitinda mimba haachi kitu.

Nikasimama. Nilikuwa nakwenda kumpasulia, palepale, mbele ya watu.

Daktari wa Meno akaniona nakuja katikati ya sakafu, gauni la kijani. Akadhani nimemjia yeye kabla ya zamu yake, nimemwokoa. Uso ukamrudia. Akafungua mikono, kifua mbele, kichwa juu.

Nikampita. Nilipita karibu mpaka nikanusa dawa ya meno, na sikumtazama hata usoni, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwa Kitinda na hasira yangu yote ilikuwa kwake. Nadhani hilo ndilo lililomuua. Ningemwambia asante angalau ningekuwa nimemwambia kitu. Nikamshika mdogo wangu mkono, na hapo mpiga muziki akakumbuka kazi yake, wimbo wa tatu ukaanza.

"Unafanya nini?" Kitinda akanong'ona.

"Nyamaza. Simama sawa."

Sijui kwa nini sikumfokea. Nilikuwa nimeshamshika kifuani na mguu wangu ulikuwa umeshaanza kutembea. Alikuwa mgumu kama ubao. Mkono wake ulikaza ukingoja kuvutwa, na kila hatua aliwahi kuifikia kabla sijamwita, kama mtu anayekimbia asipigwe.

"Ngoja," nikamwambia. "Hakuna anayekuvuta hapa."

Tukatembea urefu wote wa ukumbi. Kufika kwenye kona ya dirisha, mkono ukalegea. Nikageuza kifua changu kidogo tu. Kiuno chake kikageuka, magoti yakakutana, akabaki juu ya mguu wake. Nane moja, safi. Nikampa ya pili upande wa ule mguu mzima.

"Kumbe ni hivi," akasema sikioni mwangu. Hatua chache baadaye akasema tena, "Uliniambia nijiachie."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Nilimsikia akipumua. Hakuniachia. Ilikuwa haki yake kusema asante kwa mara ya pili usiku ule, na mimi nilikuwa nimekaza mgongo nikiingoja. Wimbo ukaisha, tukasimama tumeshikana, watu wakizungumza pembeni yetu. Bwana Bima aliniambia baadaye kwamba wakati huo ndipo Daktari wa Meno alipochukua mwavuli wake na kushuka ngazi. Sikumwona, na hata sikumtafuta.

Wimbo wa nne ulikuwa wa taratibu. Alikuwa mwepesi sasa, ananifuata amefumba macho, ameniamini, mimi niliyemwangusha. Na badala ya kunituliza, lile lilinichemsha. Ameninyang'anya kila kitu, na bado mimi ndiye nimebaki na deni? Hata samahani sijaisikia. Basi tulipofika katikati ya sakafu, palepale nilipoachwa, nilishusha kisigino changu juu ya vidole vya mguu wake mzima. Makusudi kabisa. Hata kidole nilikichagua.

Akashtuka. Akanibana mgongoni.

"Samahani, dada," akasema.

Nikamwambia, "Ni mimi niliyekukanyaga."

"Najua," akasema.